Theluji Niliyoiondoa Kitabuni

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa vidole kuliko kwa macho. Maganda makavu ya pamba yalikuwa yamenichoma mpaka ncha za vidole zikafa ganzi, na bado nilifungua kurasa za kitabu taratibu, nisije nikazitia doa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kitu nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa doa.

Umeniuliza riwaya gani za njozi uwaanzishie vijana wa chumba chako cha kusomea hapo Bariadi mjini, wale ambao hawajawahi kusoma hata moja. Umeniletea orodha, umeipanga kwa wino wa rangi tatu. Nilipoiona nilicheka, kisha nikaacha, maana niliona ni kama nimeiandika mimi wakati ule. Kabla sijakujibu, ngoja nikueleze kitabu cha kwanza nilichowachagulia watu mimi, kijijini kwetu upande wa Ngulyati, na jinsi kilivyokaribia kumuua bibi wa watu.

Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nilichojifunza baada ya hapo nilikipata kwenye kabati la darasa la elimu ya watu wazima. Mwalimu alihama, hakuletwa mwingine, ufunguo ukabaki kwangu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kilimo cha pamba, vya kuogesha mifugo, vya lishe ya mtoto, na vya dini vichache. Nilivisoma vyote, nikawasomea na wanakijiji, nikasahihisha makosa ya chapa kwa penseli. Kosa moja likinipita nikaligundua baadaye, nilijiona mwongo mbele ya kijiji kizima. Sijisifu kwa hilo. Ni ugonjwa, na sijapona vizuri hata leo.

Miaka hiyo biashara huria ilikuwa ndiyo kwanza imetufikia. Sokoni Bariadi mitumba ilimwagwa chini kama mahindi yanayoanikwa. Siku moja nilimkuta muuza karanga akichana kitabu kufungia karanga zake. Nilinunua kilichobaki. Jalada halikuwapo, wala kurasa za mwanzo, hivyo hapakuwa na neno lolote la kusema hiki ni kitabu cha namna gani. Kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiswahili kutoka lugha ya mbali. Kilisimulia nchi isiyokuwa kwenye ramani yoyote, na msichana aliyetumwa kumkabili mchawi. Mchawi huyo alivuta pumzi za ng'ombe na kondoo wa watu ili yeye asizeeke, naye aliishi kwenye mnara wa mawe, juu ya mlima wa theluji.

Mwanangu, nilikisoma mara tatu. Sikuwa najua kwamba mtu anaruhusiwa kuandika uongo mzuri kiasi kile bila kumdanganya yeyote. Nikakifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nikaapa kwamba kijiji kizima kitakisikia.

Nafasi ilipatikana msimu wa pamba. Zamani lori la chama cha ushirika lilijulikana siku yake. Sasa wanunuzi walikuwa wengi, na kila mmoja alikuja alipotaka, kwa hiyo watu walikaa ghalani siku nzima wakisubiri, huku wakichambua pamba, nyeupe kando na fifi, ile yenye madoa, kando. Mikono ilikuwa na kazi, masikio hayakuwa na kazi. Nikaomba kuwasomea.

Lakini kwanza nilikitengeneza kitabu, na kosa langu liko hapo. Nilijiambia kwamba hawa ni wageni wa hadithi za namna hii, watakwama. Theluji wataijulia wapi? Mnara ni nini? Basi nikachukua penseli, na juu ya kila mstari mgumu nikaandika mstari wangu. Mlima wa theluji nikaufanya vilima vya mawe. Mnara nikaufanya nyumba yenye ua wa minyaa. Mchawi kitabuni alikuwa kijana mrefu mwenye meno meupe. Nikaona huyo hatamwogopesha mtu. Nikamfanya bibi kizee, mwenye macho mekundu.

Sikufikiri sana. Penseli ilikwenda yenyewe.

Kijijini kwetu alikuwepo Bibi Milembe, mjane, akiishi peke yake karibu na vilima vya mawe, ndani ya ua wa minyaa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu kuni zilikwisha kwetu zamani, na alikuwa amepikia mavi makavu ya ng'ombe miaka yote ya utu uzima wake, akiupuliza moto ule kwa mdomo. Naapa, nilipoandika sikumfikiria. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo. Ningemfikiria, ningejizuia.

Siku ya kwanza na ya pili watu walisikiliza kwa raha. Bibi Milembe mwenyewe alikuwepo, anachambua upesi kuliko wote, anacheka msichana akimhadaa mlinzi wa daraja. Siku ya tatu nikafika kwa mchawi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sauti. Nilisoma jinsi ng'ombe walivyoanguka mmoja mmoja, na jinsi bibi yule mwenye macho mekundu alivyokaa nyuma ya minyaa akizihesabu pumzi zao. Nilipoinua kichwa, mikono yote ilikuwa imesimama. Nikafurahi, mwanangu. Nikadhani nimesoma vizuri.

Masanja ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa jirani yetu, mkulima mtaratibu, na mwezi ule maksai wake wawili walikuwa wamekufa.

"Hiyo nyumba iko upande gani?"

Nikacheka, nikamwambia ni hadithi tu.

"Hadithi anasimulia bibi yangu," akasema. "Hii imeandikwa."

Kila kitabu nilichowahi kuwasomea kutoka kwenye kabati lile kilikuwa kweli. Nilipowasomea namna ya kupanda pamba kwa mistari, walipanda, ikaota. Ni mimi niliyewafundisha kwamba kilichoandikwa hakibishaniwi.

Kesho yake asubuhi Bibi Milembe alifika ghalani na gunia lake, akatoa salamu yake ya kila siku, "Mwangaluka." Hakuna aliyeitikia. Mama aliyekuwa karibu naye akavuta gunia lake kando, polepole, kama anayefuata kivuli. Nikamsikia Masanja akiwaambia wenzake kwamba Jumamosi, kwenye kikao cha wanaume, kuna jambo atalitaja. Usitake nikufafanulie zaidi. Kwetu miaka ile, bibi akishatajwa kwenye kikao cha namna hiyo, wanawe walikuja kumchukua, au walikuja kumzika. Na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Bibi Milembe hakubishana na mtu. Alibeba gunia lake akaondoka. Saa sita mchana nikamfuata kwake. Nilimkuta ameketi mlangoni, hafanyi kitu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilipiga magoti kumsalimu, akaniacha hapo hapo chini muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "ndani ya kile kitabu, mimi nimo?"

"Hapana, bibi, humo."

"Basi nani ameniingiza?"

Nikaitazama mikono yangu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anahakikisha tu.

"Nilijua. Watu wa mbali hawawezi kuujua moshi wa mavi ya ng'ombe."

Nikaanza kulia na kujieleza. Nikamwambia kwamba nilitaka waelewe, kwamba mambo ya theluji yangewachosha, kwamba mgeni lazima umsogezee kiti. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Ulitaka wamwone mchawi vizuri. Wamemwona. Rudi ukawasomee kilivyo."

"Hiyo theluji hawataielewa, bibi."

"Wasipoielewa, hawataitafuta kwangu."

Nilirudi nikikimbia. Nakiri kwako, mwanangu, njiani sikumwogopea Bibi Milembe peke yake. Nilijiogopea na mimi mwenyewe. Nilikuwa Kabula anayesoma bila kukosea, na sikuwa na jina lingine. Na sasa nilikuwa naenda kusimama mbele ya watu wale niseme nimechafua kitabu kwa mkono wangu.

Nikasema. Mbele ya ghala lote niliwaambia kwamba macho mekundu ni yangu, minyaa ni yangu, vilima ni vyangu, na kitabuni hakuna hata kimoja. Nilitazamia wanicheke. Hawakucheka. Masanja alinitazama kwa huruma.

"Umetoka kwake sasa hivi," akasema. "Tumekuona ukienda. Jana ulisoma vingine, leo umetoka kwake unasoma vingine. Amekufanya nini, binti?"

Hapo ndipo nilipoelewa hatari. Kila neno ambalo ningeongeza lingemzidishia bibi yule mzigo. Ulimi wangu haukuwa na kazi tena, nilikuwa nimeuharibu mwenyewe.

Nikatazama huku na huku. Sayi, mke wa Masanja, alikuwa amekaa juu ya gunia. Alijifunza kusoma utu uzima, kwenye darasa lile lile la kabati langu, na alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Nikampa kitabu.

"Nisome kipi?" akauliza. "Cha chapa au cha penseli?"

"Cha chapa peke yake."

Ghala lote likamsubiri. Kidole chake kilitembea. "Ju-u ya mli-ma wa the... the-lu-ji." Akasimamisha kidole. "Theluji ni nini?"

Nikasema ni maji yanayoanguka kutoka juu yakiwa meupe na baridi, yakalala chini kama barafu ya kwenye friji la mafuta ya taa pale zahanati.

Mzee mmoja pale nyuma, ambaye hakuwa ameacha kuchambua, akauliza, "Mlima mzima?"

"Mlima mzima."

"Na mafuta ya taa ya kuwashia friji la ukubwa huo anayatoa wapi?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha ghala. Sayi hakucheka. Aliendelea na kidole chake: kijana, mrefu, meno meupe, mnara wa mawe. Alichukua muda kama wa kuchemsha maharage, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alifunga kitabu, akamgeukia mumewe, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Nkwimba, huyu ni kijana, na anakaa kwenye barafu. Hapa hayupo."

Masanja alikuwa amekunja mikono. "Basi maksai wangu nimuulize nani?"

Hilo kitabu hakikuwa na jibu lake, na nilishukuru kwamba angalau mara hiyo sikujaribu kulitunga. Sayi ndiye aliyejibu, taratibu, akitazama chini. "Josho la ng'ombe halina dawa tangu mwaka juzi. Kupe nilikuwa nawatoa kwa mikono, ukiniona."

Jumamosi kikao kilikaa. Sikuweza kula mpaka kaka yangu aliporudi akasema wameongelea josho, wakakubaliana kuchangia dawa. Jina la Bibi Milembe halikutajwa.

Lakini sitaki nikudanganye kwa mwisho mtamu. Salamu zake ziliitikiwa tena, ila zilichelewa kidogo kila mara, na yeye alikuwa na masikio. Pamba ilipokwisha kununuliwa alihamia kwa binti yake, huko Mkula. Hakufukuzwa na mtu. Hakubaki pia. Siku moja kabla hajaondoka aliniita, akaniuliza yule mtu wa theluji aliishia wapi. Nikakaa mlangoni kwake nikamsomea kurasa zote zilizobaki, zilivyo, na kila neno gumu. Alicheka tena pale pale alipopaswa kucheka. Nilipofunga kitabu akasema, "Nchi nzuri ile. Na iko mbali."

Mwanangu, orodha yako ni safi, na sitafuta hata mstari mmoja. Ila nakuomba uipange upya. Umetanguliza riwaya ambazo uchawi wake unafanana na wa kwetu, ukidhani ndizo rahisi kwa mgeni. Hizo ziweke mwishoni, kwa waliokwisha kuzoea. Mgeni mpe kwanza nchi ambayo hana jirani ndani yake. Mpe kitabu chembamba, chenye watu wachache, na usikivute kiwe karibu kuliko kilivyoandikwa. Neno geni likimkwamisha, kaa naye mlielezane, mcheke. Kabla ya ukurasa wa kwanza mwambie kwa kinywa chako kwamba haya mtu ameyabuni, hata kama unaona anajua. Na usimalize kazi kwa kukagua kitabu tu, kama nilivyofanya mimi. Inua macho uwatazame waliokaa mbele yako, mmoja mmoja, ujiulize nani kati yao anaweza kuumizwa na ukurasa utakaousoma. Ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, kabla Jumamosi haijafika.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu kabla ya maandishi. Chumba chako kisikose msomaji. Na kila atakayetoka humo, atoke akiwasalimu jirani zake, nao wamwitikie upesi.