Honi na Mswaki wa Bata

Tarumbeta la Honi liling'aa kiasi kwamba mkewe alijitazamia humo akifunga kitambaa cha kichwa. Honi ni jina alilopewa na majirani, kwa sababu akianza mazoezi asubuhi hakuna mtu mtaani aliyeendelea kulala. Alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza katika bendi ya manispaa, na kwa usafi hakuwa na mpinzani. Viatu, kola, tarumbeta, vyote vilisuguliwa mpaka vikaomba msamaha. Meno nayo hayakusalimika.

Dukani aliomba mswaki mgumu kuliko yote, akaujaribu kwa kuukwaruza kwenye kiganja. Usipouma, aliurudisha. Mkewe alimwonyesha mwingine laini, akaucheka. "Huo unabembeleza meno, hausafishi."

"Haya baba, endelea kuchimba kisima," mkewe akamjibu.

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipotema mate mekundu alisema ni uchafu unatoka, akaongeza nguvu. Mtu mzima anatokwa damu kinywani, naye anajipongeza! Fizi zikaanza kurudi nyuma, maji baridi yakawa adui, na jino la mbele, lile ambalo tarumbeta huegemea, likaanza kucheza. Kisha, mashindano ya bendi yakiwa yamekaribia, ile sauti ya juu ya mwisho wa wimbo ikampasukia mbele ya wenzake. Mpiga tarumbeta wa pili, waliyemwita Mrithi kwa jinsi alivyokikodolea macho kiti cha kwanza, aliinama haraka kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Sauti hiyo isiporudi," kiongozi wa bendi alimwambia Honi pembeni, "atapiga Mrithi. Nisamehe, ndugu yangu."

Honi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Bila tarumbeta angekuwa nani? Kesho yake alikuwa kwa daktari wa meno, mama mmoja mcheshi ambaye alimtazama kinywani, akauliza anapiga mswaki vipi. Honi akamwonyesha kwa fahari, mkono ukienda mbele na nyuma kama msumeno.

"Na hicho kipande cha tarumbeta unachowekea midomo," daktari akauliza, "unakisafishaje?"

"Maji ya vuguvugu na kibrashi laini."

"Mbona hutumii brashi ya waya?"

"Ya waya!" Honi alikaribia kuruka kutoka kitini. "Daktari, si kitachubuka chote? Kile kimepakwa fedha, kinataka..." Aliusikia ulimi wake mwenyewe ukimshtaki.

Daktari hakumcheka, ingawa alitamani. Alimwondolea ukoga uliojificha chini ya fizi, akamweleza: ufizi ulioondoka haurudi, ila uliobaki unaweza kupona na kulishika jino. Atafute mswaki wenye nyuzi laini, ncha zake ziwe za mviringo, na kichwa kidogo kinachofika nyuma ya magego. Aushike kwa vidole, si kwa ngumi, aulaze kwenye mpaka wa jino na ufizi, azungushe taratibu. Nyuzi zikitawanyika, autupe.

Dukani, mswaki pekee uliokuwa laini na mdogo ulikuwa kwenye rafu ya watoto. Ulikuwa wa manjano, umechorwa bata.

"Wa mjukuu?" muuzaji akauliza.

"Wangu," alijibu Honi, na kifua akakitoa mbele.

Mwanzoni ilikuwa tabu. Mkono ulizoea vita, na mkewe alisimama mlangoni akimkumbusha, "Bembeleza, baba, bembeleza." Naye akabembeleza. Damu ikapungua, ikakoma. Maji baridi yakanyweka. Asubuhi moja akalisukuma jino kwa ulimi, likakataa kusogea. Alicheka peke yake bafuni.

Siku ya mashindano ukumbi ulifurika. Wimbo ukapanda, ukafika pale pale ulipompasukia. Mrithi akaliinua tarumbeta lake tayari kuokoa jahazi. Honi akafumba macho, akavuta pumzi, akapuliza, na sauti ikatoka nzima, safi, ikapanda mpaka darini, ikakaa huko. Watu walisimama kabla hajamaliza. Mkewe alikuwa akipiga vigelegele huku akilia, na kikombe cha ushindi kikaenda na bendi ya manispaa.

Nyuma ya jukwaa Mrithi alimfuata, macho chini. "Kaka, hata mimi nikipiga mswaki natoka damu. Wewe umetumia nini?"

Honi akautoa mswaki wa bata kwenye mfuko wa koti lake la sherehe, akampa autazame.

"Anza kwa daktari. Kisha nenda dukani, rafu ya watoto, wala usione haya."

"Unanisaidia mimi? Na nikikunyang'anya kiti?"

"Kiti hicho utakisubiri sana, mdogo wangu," alisema Honi, akatabasamu kinywa wazi. "Meno bado ninayo."