Matembezi Bila Salamu

Mama alipopata kiharusi, mguu ulirudi haraka kuliko tulivyotegemea. Ulimi ndio uliogoma. Daktari alisema utapona, mradi ufanyishwe kazi. Lakini mama alijisikia akitamka neno la kwanza likatoka limepinda, akaona aibu, akafunga mdomo. Yeye, mwanamke aliyeweza kugombana na jirani kwa Kifipa na kupatana naye kwa Kiswahili kabla ugali haujaiva! Nyumba yetu ya Sumbawanga ikawa kimya hadi nikaichukia. Niliogopa kwamba akizoea kunyamaza, ndiyo basi tena.

Ndipo wakaja watu wa chuo kikuu. Walitaka kujua kama kutembea kando ya maji kunamfaa mtu, mwili na moyo, kuliko kutembea huku kwetu juu kwenye baridi. Kundi moja lingetembea Sumbawanga, jingine Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Dada yangu ameolewa Kasanga, kwa hiyo nikaomba likizo, nikateremka na mama. Alishuka na sweta lake na hakulivua hata jasho lilipomtiririka.

Kiongozi wa kundi letu alikuwa binti mtafiti, mchangamfu, raba nyeupe miguuni. Asubuhi ya kwanza alitukusanya ufukweni, wengi wetu wazee, akatueleza: tutembee haraka kidogo, moyo udunde, na tusisimame njiani. Tukaitikia vizuri sana. Hatujaenda mbali, tukawakuta akina mama wanaanika dagaa. Utawapitaje? Kundi zima likasimama: za asubuhi, za nyumbani, mgonjwa anaendeleaje, na yule aliyejifungua? Mbele kidogo wavuvi wanashona nyavu. Tukasimama tena. Jua likaanza kuchoma na mioyo yetu imetulia tuli.

"Jamani wazee wangu," binti akasema, "si mnaweza kupunga mkono tu mkaendelea?"

"Mkono tunapungia mabasi, si watu," mzee mmoja akamjibu, na mjadala ukaishia hapo.

Kila shikamoo iliyomjia mama niliidaka mimi. "Ameitikia, ila anaumwa kidogo," nilisema, na mama kanyamaza kimya. Nilichoka na uongo huo mpaka nikaanza kuwakwepa watu.

Binti hakukata tamaa. Akatuhamishia upande wa mawe, ambako hakupiti mtu. Huko tulitembea kama alivyotaka, kila mtu na pumzi zake. Siwezi kudanganya, palikuwa pazuri: maji ya buluu, upepo mtamu, na hata mimi mwenye kitambi nilijisikia mwepesi. Lakini mama alinuna. Niliujua mnuno ule. Ndio anaoutoa kanisani mahubiri yakizidi urefu.

Siku moja binti alichelewa. Alikuja mbio kutoka nyuma, kifaa cha kupimia mapigo ya moyo mkononi, akatupita wote ili ashike nafasi yake mbele. "Hamjambo, hamjambo, twendeni!" Hamjambo, kwa watu wa umri wa bibi yake! Wazee wakaangaliana. Mama akasimama katikati ya njia, nami nikadhani ni mguu.

"We... mtoto," akasema.

Nilimshika mkono, akauondoa. Neno lilikuwa limetoka limepinda, na yaliyolifuata yalipinda zaidi, lakini safari hii hakujali. Hasira ilikuwa inayasukuma.

"Shikamoo yangu... umeiacha... kwenu?"

Binti aligeuka, akarudi taratibu, akapiga goti njiani na raba zake nyeupe.

"Shikamoo, mama. Naomba unisamehe."

"Ma-ra-haba."

Wazee wakapiga makofi. Mimi nililia palepale mbele ya watu, kamasi na yote, na sikujali nani ananiangalia. Mama hakuwa na muda na mimi. Alimuuliza binti kama baba yake hajambo, neno moja moja, akisubiri kila moja lije. Akamuulizia mama yake. Akauliza kama kwao mvua imenyesha. Binti alipojaribu kuinuka, mama alimwekea mkono begani akamrudisha chini, maana babu na bibi walikuwa bado hawajauliziwa.