Muhuri Ndani ya Kitenge

Yule msanifu wa mandhari hakosi kuvua viatu. Akifika kiwanja chochote cha West Side mjini Buffalo, hukikanyaga pekupeku, mteremko akiusikiliza kwa nyayo. Muhuri wa leseni aliyoisotea miaka huufunga kwenye kipande cha kitenge kama anayebeba yai. Shemasi Elisée, aliyejichorea mwenyewe njia ya kupitisha kiti cha magurudumu cha mama yake hadi kanisani, alihitaji muhuri huo ili jiji liruhusu ujenzi. “Dada, piga tu. Bon, hapa sisi wote ni ndugu.”

Dada alimimina chupa yake ya maji pale njia ingepita, akachuchumaa. Elisée akayaona maji yakiteremka na kutuama mlangoni, pale pale ambapo baridi ya Buffalo ingeyageuza barafu chini ya mama. Kitenge hakikufunguliwa. Dada aliuliza tu kama kanisa lina sepetu ya kuuchonga upya mteremko.