Nusu ya Somo la Upondo

Mwalimu alipouliza nani kati yetu anajua kuendesha mtumbwi na kuogelea, mkono wangu ulibaki mapajani. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu katika mkutano ule wa wazazi, na kwetu msichana akikubali kwamba anaogelea, basi amekubali kwamba anashinda mtoni na wavulana. Nami nilikuwa nikivuka mto kila siku kwenda shambani, na kuogelea nilijifunza kwa kuibia.

Alikuwa akichagua wa kwenda safari ya wasichana peke yao, kwa mitumbwi kutoka Garsen hadi Kau, kulala kwenye mahema. Mambo hayo tulizoea kuyaona kwa wageni wenye kamera. Sisi kazi yetu ni kuwavusha. Mara hii ilikuwa zamu ya wasichana wa hapahapa, na nafasi ya mwisho akapewa binti ya mjomba wangu, aliyeinua mkono bila wasiwasi. Huyo amekulia dukani mjini. Maji aliyoyazoea ni ya ndoo.

Sikufichi, kijicho kilinishika mpaka chakula hakipiti. Walimpa jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa, na viatu vipya. Akavivaa, akaja navyo mpaka kwetu, ati nimfundishe.

"Dada, una wiki moja tu," akaniambia huku akicheka.

Nikamfundisha. Nilimpa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi: simama hivi, dunga chini, sukuma. "Na uushike kwelikweli," nikamwambia, "usiuachie." Nusu ya pili ya somo nikabaki nayo. Mtoto yeyote wa mtoni anajua kwamba upondo ukinasa topeni unauachia, maana mtumbwi haukungoji.

Siku ya kuondoka watu walijaa ukingoni. Akavua jaketi ili apigwe picha na gauni lake, kisha akaomba asukume yeye. Msukumo wa tatu, upondo ukanasa. Mtumbwi ukaenda zake, yeye akabaki akining'inia kwenye mti, halafu akatumbukia.

Nilitaka aaibike. Sikutaka afe. Nikajirusha majini mbele ya mama na kijiji kizima, nikamvuta kwa ukosi wa gauni mpaka ukingoni.

"Kumbe unaogelea," mama alisema, akanifuta kichwa kwa leso yake. Mwalimu akaniuliza kwa nini sikuinua mkono siku ile. Sasa mitumbwi ilikuwa imejaa. Binti ya mjomba akabadilisha nguo, wakaondoka, nami nikasimama kulitazama lile jaketi mpaka likapotea kwenye kona ya mto. Kijicho hakikupungua hata kidogo.

Alirudi siku ya nne, amechomwa na jua, hadithi za viboko zimemjaa mdomoni. Hakupita kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja kwetu, akanikumbatia.

"Upondo uliponasa," akasema, "nilikumbuka maneno yako. Sikuuachia, dada."