Iliki za Mama

Jana mke wangu alichemsha chai ya iliki. Mimi, mwenye malori matatu na nyumba ya mawe Muheza, niliyeacha shule darasa la pili na leo wasomi wananipisha njia, harufu ile ilinirudisha msituni, juu ya Maramba.

Mama alipanda iliki chini ya miti mikubwa, kwenye kivuli chenye unyevu, akisaidiwa na mjomba, kaka yake. Mwingereza alipoufanya msitu ule hifadhi, mjomba akapewa kazi ya kuulinda. Ndiye aliyewaonyesha wapimaji pa kupitisha mpaka, na shamba la mama likaingia ndani. Asubuhi moja tulimkuta pale, kavaa kaki mpya, anang'oa.

"Dada, hapa sasa pa serikali."

"Mashimo haya si ulichimba wewe? Juzi tu umekula kwangu!"

"Mie niko kazini. Tokeni, nisije nikawashitaki."

Mizizi iliyokatika ilinukia mpaka kooni. Mama akaokota kapu lake tupu.

"Mwamkie mjomba wako," akaniambia. "Nyumbani hutamwona tena."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akaitika, huku akivuta shina jingine.