Mkono Uliobaki Begani

Yule bwana aliyeandika historia ya ghorofa la redio nilimchukia akiwa hai, na kufa kwake hakukunipunguzia kitu. Nasema mapema, ili anayetafuta habari za kusameheana akasome pengine.

Baba yangu alikuwa seremala, mtu wa kijiji cha Kitaya. Ujana wake aliumaliza huko mjini, akijenga makao makuu ya shirika moja la umma la utangazaji, jina silitaji. Alipiga mbao za kumwagia zege tangu kwenye msingi, uliokuwa ukijaa maji kila bahari ilipopanda kwa bamvua, hadi ghorofa ya juu kabisa. Lifti haijafika, wanapanda kwa miguu, misumari mdomoni. Studio ya juu ilipokwisha, sauti ikawa inarudi kama ya mtu aliye kisimani, na vifaa vya kumeza sauti ukutani bado vimekwama bandarini. Baba akasema, kwetu kuna misufi. Yakaletwa magunia ya sufi, ile pamba ya kujazia mito, akaijaza mwenyewe nyuma ya mbao za ukuta, na mwangwi ukaisha.

Tulipohamia mtaa wa Rahaleo, majirani walimtania kwa hilo. "Fundi, leo redio yako inakoroma!" Naye alicheka, maana walimwamini.

Miaka ya tisini akaja kuishi mtaa jirani wa Ufukoni mstaafu mmoja, aliyekuwa karani wa ujenzi ule. Alikuwa anaandika kijitabu cha historia ya jengo. Baba alimsimulia siku tatu, huko nyumbani kwa karani, akampa na picha yake ya pekee: wao wawili juu ya paa, baba kamwekea mwenzake mkono begani. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Kijitabu kilipotoka, wazo la sufi lilikuwa la karani. Baba hakutajwa hata kwenye "na wengineo." Picha ilikatwa, akabaki karani peke yake, ila mkasi haukuweza kuuondoa ule mkono. Ulikuwa pale pale begani, una vidole vinne. Cha tano kililiwa na msumeno baba akiwa kijana.

Rahaleo wakasoma, na utani ukageuka kejeli. Walimwita mwongo mbele ya wajukuu zake. Nikamwambia twende Ufukoni tukamuulize. Akasema, "Mwanangu, mwache. Mungu anajua." Sawa, Mungu anajua, lakini Rahaleo hawakujua, na baba alikufa wakiwa hawajui. Mimi nikangoja.

Karani alipokufa miaka kadhaa baadaye, nilivaa khanga zangu nikaenda msibani. Kabila lao na letu ni watani tangu vita vya mababu, na mtani ana haki zake: humsema marehemu, huzuia jeneza mpaka apewe anachotaka, na mfiwa haruhusiwi kununa. Wengi hutaka kuku.

Mtoto mkubwa wa marehemu alisoma wasifu, na sufi ikawemo, eti wazo la baba yake. Walipolinyanyua jeneza, nikajilaza mlangoni. Watu wakacheka. Mjane akaniinamia, akauliza kwa upole, "Mtani wangu, unataka kuku au mbuzi?"

Nikatoa kijitabu ndani ya khanga, nikafungua ukurasa wa picha. "Sitaki kuku, mama. Niambie mkono huu ni wa nani."

Kicheko kikakatika. Mjane akavihesabu vidole. Siku zote tatu zile ndiye aliyempikia chai mwenye mkono huo.

"Wa fundi wa Kitaya," akasema.

"Basi mwanao asome upya, na fundi awemo."

Mchungaji akakohoa, akasema jua linakwenda. Nikamwambia jua ni la Mungu, mlango huu ni wangu. Mtoto akatoa kalamu, akaandika, akasoma mbele ya Ufukoni nzima na nusu ya Rahaleo kwamba wazo la sufi lilikuwa la fundi seremala wa Kitaya, na marehemu alilichukua.

"Aliliiba," nikasema. "Soma aliliiba."

Akamtazama mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa. Akasoma. Nikainuka, nikajipangusa vumbi, jeneza likapita.

Wako walioniambia nilimwaibisha mjane asiye na kosa. Ni kweli, na alikuwa mtu mwema. Nilikwenda hadi makaburini, nikatupa udongo wangu, kisha nikarudi kwake nikala ubwabwa wa msiba sahani mbili.