Moto Ndani ya Nyumba ya Matofali

Nyumba tuliyopanga Kasongo, wakati wa Wabelgiji, ilikuwa ya matofali na sakafu ya saruji, na mume wangu aliipenda kuliko alivyonipenda mimi. Sisemi kwa wivu. Alikuwa karani, na alitaka kuandikwa miongoni mwa évolués, wale ambao Wazungu waliwakubali kuwa wamestaarabika. Lakini kwanza Mzungu huja kukagua unavyoishi. Meza ina kitambaa? Mtoto ana kitanda? Na moto ndani, hapana kabisa; kupika ni nje, uani.

Basi tukaishi bila moto. Mvua zilipoanza, kuta zikatoa jasho. Chumvi ikageuka maji, viatu vyake vya Jumapili vikaota kuvu ya kijani, na kila kikwembe changu cha kujifunga kikanuka.

Nilimwendea mwenye nyumba, mzee Mwislamu aliyeuza mchele. Hakuinuka hata kitini.

"Nyumba yangu haina kosa, mama. Ninyi munaikaa kama kaburi. Nyumba gani haina moto?"

Nilikasirika, maana paa lake lilivuja pia. Lakini kuhusu moto hakuniambia jambo geni. Kwetu kila mtu anajua kwamba ukuta hukaushwa kwa moto, na mume wangu alilelewa kando ya moto kama mimi. Yeye akanunua chokaa, akapaka. Haikupita juma, madoa meusi yakatokeza tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tena kifo chenyewe kilikuwa kimeanza kumtazama binti yetu. Alikuwa hajaanza kutembea, na kifua chake kilikoroma mchana na usiku. Niliogopa mpaka nikashindwa kula, nikamwambia mume wangu:

"Baba, mutoto atakufa sababu ya hizi kuta."

"Vumilia kidogo, mama. Muzungu iko anakuja kesho."

Kesho yake, alipotoka kumpokea mgeni, nilileta mafiga matatu, nikayapanga katikati ya sebule, nikawasha kuni kavu. Sikujificha.

Mzungu alisimama mlangoni, majirani wamejazana nyuma yake.

"Nani aliwasha moto humu?"

Nilifungua kinywa. Mume wangu akanitangulia.

"Ni mimi njo niliwasha. Mutoto wangu iko mugonjwa."

Angeweza kusema mke wangu ni mshamba, na angeaminiwa. Majirani wakaangua kicheko, kwa sababu kwetu mafiga ni ya mke. Mwanamume akiyagusa hudhihakiwa mpaka uzeeni. Mzungu akatikisa kichwa, akaenda zake.

Karatasi ya kumwandika évolué haikuja, na mtoto alipona, lakini hayo yote yalikuwa bado mbele. Asubuhi ile mume wangu alivua koti, akapiga magoti, akaupuliza moto, vibaya kabisa, majivu yakamrukia usoni. Sikumsaidia. Tulikuwa tumeoana zamani, lakini siku ile ndipo nilipompenda.